UZI: K03.6 si kapu la kutupia kila kitu. Namna ya kutambua na kuandika ukoga na ugaga wa meno

#1 TabibuWaKinywa (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu. Unatuhusu sisi matabibu na madaktari wa meno, lakini unawahusu zaidi wenzetu wa kumbukumbu, wanaopokea majalada yetu na kuyawekea misimbo.

Hivi karibuni nilipewa rundo la majalada niyapitie. Karibu kila aliyekuja kusafishwa meno ameandikiwa neno moja, "uchafu", na pembeni K03.6, yaani msimbo wa vitu vilivyoganda juu ya meno. Mwenye utando laini unaotoka kwa mswaki, K03.6. Mwenye ugaga mweusi chini ya fizi na mifuko (nafasi kati ya fizi na jino) ya milimita sita, K03.6 hiyo hiyo, basi. Halafu nikakuta jalada la mtoto aliyeandikiwa K02, yaani meno yaliyooza, meno manane kwa mpigo. Aliporudi nikamwangalia mwenyewe. Hakuwa na tundu hata moja. Alikuwa na mstari mwembamba mweusi unaofuata ukingo wa fizi, kama uliochorwa kwa kalamu. Nikapitisha ncha ya kutafutia juu yake, ikateleza bila kukwama popote. Ni doa la nje tu, linaloletwa na aina fulani za bakteria wanaotengeneza rangi, na lilitoka lote kwa kupolishi. Mtoto huyo alikuwa amepangiwa kuzibwa meno.

Ndiyo maana naandika.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo tunapoteleza kwanza. Nikisema UKOGA nina maana ya ule utando laini wa bakteria unaonata kwenye jino. Nikisema UGAGA nina maana ya ukoga uliokwisha kuganda ukawa mgumu kama jiwe. Najua wapo wanaoyachanganya maneno haya, na wengi wanaita vyote uchafu. Ukiongea na mgonjwa haina neno. Kwenye jalada ina neno, kwa sababu ukoga anautoa mwenyewe nyumbani, ugaga hawezi.

Jino likishasafishwa, dakika chache tu mate yanaliachia ngozi nyembamba ya protini. Bakteria wanashika juu ya ngozi hiyo ndani ya saa chache. Wasipoondolewa, madini ya kalsiamu na fosfeti yanaanza kuingia, kwa wengine ndani ya siku moja, kwa wengine inafika hata wiki mbili. Ugaga uliokomaa ni madini kwa asilimia 70 hadi 80. Ule wa juu ya fizi hupata madini yake kwenye mate, kwa hiyo utaukuta mwingi nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavu wa magego ya juu, karibu na pale tezi za mate zinapofungukia. Rangi yake nyeupe au ya njano. Ule wa chini ya fizi hupata madini kwenye majimaji ya fizi yenyewe, huwa wa kahawia au mweusi, na umeng'ang'ania mzizi kweli kweli.

Sasa msimbo. Kwenye ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, K03.6 ni "vitu vilivyoganda juu ya meno". Ndani yake mna ugaga wa juu ya fizi, ugaga wa chini ya fizi, ute mweupe laini, madoa meusi, ya kijani, ya rangi ya chungwa, ya tumbaku, ya tambuu, na madoa mengine ya nje. Vyote humo! Shirika hilo hilo lilitoa toleo la meno, ICD-DA, toleo la tatu mwaka 1995, na huko wameongeza tarakimu ya tano: K03.60 madoa ya rangi, K03.61 tumbaku, K03.62 tambuu, K03.63 ute laini mwingi, K03.64 ugaga wa juu ya fizi, K03.65 ugaga wa chini ya fizi, K03.66 ukoga. Mifumo mingi ya kompyuta haipokei tarakimu hiyo ya tano. Sawa. Basi iandikwe kwa maneno.

Jambo ninalotaka tulishike ni hili: K03.6 inaeleza kilicho JUU ya jino. Haisemi lolote kuhusu fizi wala mfupa.

Karibuni tujadili.

#2 KaraniMpya

Shikamoo tabibu. Asante kwa uzi. Mimi ni wa upande wa kumbukumbu, sina muda mrefu kazini. Mnavyosema "iandikwe kwa maneno" mimi nakosa hayo maneno yenyewe. Napokea "uchafu, asafishwe". Hapo naweka nini zaidi ya K03.6?

Na la pili, nina jalada moja mgonjwa yule yule, ziara ya kwanza imeandikwa "ugaga jino 16", ziara ya pili "ugaga jino 3". Nimeyaweka kama meno mawili tofauti. Nimekosea?

#3 TabibuWaKinywa

Marahaba mdogo wangu. Hilo la pili ni zito kuliko unavyodhani, acha nilianze.

Kuna namna mbili kuu za kuhesabu meno. Ya FDI, shirikisho la madaktari wa meno duniani, ina tarakimu mbili: ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni jino kuanzia katikati. Kwa hiyo 16 ni gego kubwa la kwanza, juu kulia. Ile inayotumika Marekani inahesabu 1 hadi 32 mfululizo, na gego hilo hilo linakuwa namba 3. Jalada lako linazungumzia jino moja, ila wameandika watu wawili waliosoma tofauti. Hatari yenyewe iko hapa: kwenye hesabu ya Marekani, 16 lipo pia, ni gego la mwisho juu KUSHOTO. Na 11, ambalo kwa FDI ni jino la mbele juu kulia, kwa Marekani ni chonge la juu kushoto. Kwa hiyo usibadilishe kwa kukisia. Mrudishie aliyeandika, mwambie aandike jina la jino.

La kwanza: usiweke zaidi ya kilichoandikwa. Kosa si lako, ni letu. Jalada likisema "uchafu" pekee, una haki ya kulirudisha na maswali matatu. Ni laini au ni mgumu? Uko juu ya fizi au chini? Na fizi zikoje?

Tukijibu hayo matatu umepata karibu kila unachohitaji.

Kwa wenzangu wa kiti: tukaushe kwanza. Ugaga mweupe uliolowa mate unafanana kabisa na jino. Puliza hewa sekunde chache nyuma ya meno ya chini, utaona unageuka kama chokaa. Hewa hiyo hiyo ukiielekeza kwenye ukingo wa fizi, fizi inafunguka kidogo na wakati mwingine unaona weusi umejificha ndani. Kisha ile ncha ya kutafutia, ishike kwa wepesi kama kalamu. Ukiibana huhisi kitu. Mzizi safi unateleza kama kioo. Penye ugaga ncha inakwama, inaruka, inakwama tena. Eksirei inasaidia kwa ugaga ulio kati ya meno, unaonekana kama mwiba mdogo unaochomoza ubavuni mwa jino, lakini ulio upande wa shavu au wa ulimi unafichwa na jino lenyewe. Picha ikiwa safi usiandike "hakuna ugaga".

Ukoga nao unadanganya. Ukiwa mchache hauonekani kwa macho. Kwenye kipimo cha Silness na Löe cha mwaka 1964, alama 1 ni ule usioonekana, unaupata kwa kupitisha probu, kijiti chembamba cha kupimia, kwenye ukingo wa fizi na kuangalia nchani. Alama 2 unaonekana kwa macho, 3 ni mwingi. Kama una dawa ya kuupa ukoga rangi, mpake mgonjwa. Mwenyewe akiona kwenye kioo pale palipobaki pekundu, anaelewa kuliko ukimhubiria nusu saa.

#4 DaktariWaFizi

Mleta uzi umesema kweli, nami naongeza kwenye fizi kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi.

Niliwahi kurudishiwa dai la bima. Nilikwangua na kulainisha mizizi robo mbili za kinywa, kazi ya zaidi ya saa nzima, chini ya ganzi. Msimbo wa ugonjwa uliokwenda: K03.6. Bima wakajibu kwamba ugonjwa uliotajwa hauhitaji kazi hiyo. Nilikasirika sana. Kisha nikasoma jalada langu kwa jicho la mtu asiyemjua mgonjwa, nikaona wana haki. Nilikuwa nimeandika "ugaga mwingi". Vipimo vya mifuko vilibaki kwenye karatasi ya pembeni ambayo haikuambatishwa. Mgonjwa alikuwa na ugonjwa uliokwisha kula mfupa, K05.3, na ugaga ulikuwa kitu kilichoandamana nao.

Ugonjwa mkuu, kwa kanuni za ICD-10, ni ule uliosababisha hasa mgonjwa ahitaji huduma, na unajulikana mwisho wa ziara, uchunguzi ukishakamilika. Kwa hiyo jiulizeni: mgonjwa huyu ningemsafisha kwa sababu gani? Kama ni ugaga tu na fizi ni nzima, K03.6 inasimama peke yake kwa heshima zake zote. Kama fizi zimevimba na zinatoka damu lakini hazijaachia jino, mkuu ni K05.1 na K03.6 inafuata. Kama fizi zimeachia jino na mfupa umeshuka, mkuu ni K05.3 na K03.6 inafuata. Msimbo mmoja haufuti mwingine.

Utajuaje fizi zimefikia wapi? Pima sehemu sita kila jino. Mtu mwenye meno 28 ana sehemu 168. Kwa mpangilio uliokubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa wa mwaka 2017, damu ikitoka kwenye asilimia 10 ya sehemu au zaidi, fizi zinaumwa. Asilimia 10 hadi 30 tunasema ugonjwa wa sehemu chache, ikivuka 30 umeenea. Kwa meno 28, sehemu 17 zinatosha kuvuka mstari wa kwanza. Ikionekana kwamba fizi zimeachia jino kwenye nafasi za kati ya meno, angalau meno mawili yasiyopakana, hapo unaingia kwenye ugonjwa wa mfupa, na ugaga hauwi tena habari kuu.

Tusichanganye pia msimbo wa UGONJWA na msimbo wa KAZI. Mfano mzuri ni orodha ya CDT ya Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani. D1110 ni kusafisha meno ya mtu mzima. D4341 ni kukwangua na kulainisha mizizi, meno manne au zaidi kwenye robo moja, na D4342 ni moja hadi matatu. Katikati palikuwa na pengo kwa mgonjwa ambaye fizi zimevimba vibaya kinywa kizima lakini mfupa bado upo. Mwaka 2017 wakaleta D4346 kwa ajili yake. Ona walivyohangaika: ugaga unaweza kuwa sawa kwa macho kwa wagonjwa wote hawa, kinachowatenganisha ni hali ya fizi na mfupa.

#5 MamaWawili

Samahani wataalamu, mimi si mtu wa fani, nimefuata neno ugaga. Nilisafishwa meno, na baada ya hapo ya mbele ya chini yakawa kama yanacheza na kuna nafasi ambazo hazikuwepo. Dada yangu ananiambia kusafisha ndiko kumeyalegeza. Ni kweli? Nimeogopa kurudi.

#6 TabibuWaKinywa

Pole sana mama, na usiombe samahani, swali lako lina haki yote hapa.

Ugaga ukiwa mwingi nyuma ya meno ya mbele unakuwa kama ukuta mmoja unaoyashika yote pamoja. Chini ya ukuta huo fizi zinaendelea kurudi nyuma na mfupa unapungua, miaka na miaka, wewe huhisi. Siku ukuta unapoondolewa, unaona yale yaliyokuwa yametokea zamani. Nafasi zile zilikuwa zimejazwa na ugaga na fizi zilizovimba. Uvimbe ukishuka, nafasi inabaki wazi. Kwa wengi kule kucheza kunapungua fizi zikitulia, lakini mfupa uliopotea haurudi kwa kusafishwa tu, na ukiacha ugaga ujirudie unaendelea kupotea.

Kwa hiyo rudi, mama. Waombe wapime mifuko ya fizi na wakwambie namba.

Na hapa nawageukia wenzangu: swali la mama huyu lisingekuwepo kama tungepima kulegea kwa meno KABLA ya kukwangua, tukamwonyesha, tukaliandika. Tukianza kukwangua bila kupima, lawama ya kilichofanyika miaka kumi tunaibeba kwa dakika ishirini.

#7 GegoLaMwisho

Nawaheshimu wakuu ila tuseme ukweli. Foleni ni ndefu, kiti kimoja, nani atapima sehemu 168? Mimi natumia kipimo kifupi cha Greene na Vermillion, meno sita, dakika mbili nimemaliza. Naandika namba, naweka K03.6, mgonjwa mwingine. Mbona inatosha?

#8 TabibuWaKinywa

Mkuu, foleni naijua, nimeikalia. Na kipimo chako ni kizuri, cha mwaka 1964, bado kinasimama. Wacha nikieleze kwa ajili ya KaraniMpya.

Unaangalia meno sita: 16 na 26 upande wa shavu, 11 na 31 upande wa mdomo, 36 na 46 upande wa ulimi. Kila moja unalipa alama 0 hadi 3 ya ukoga na 0 hadi 3 ya ugaga, kulingana na theluthi ngapi za jino zimefunikwa. Vipande vya ugaga chini ya fizi vinapata 2 hata kama juu pamefunikwa kidogo, na ukiwa mkanda mzito unaozunguka shingo ya jino ni 3. Tuseme ukoga ni 2, 1, 2, 1, 2, 2. Jumla 10, gawa kwa 6, 1.67. Ugaga 2, 0, 2, 1, 1, 1. Jumla 7, gawa kwa 6, 1.17. Ukijumlisha unapata 2.8. Hadi 1.2 ni safi, 1.3 hadi 3.0 wastani, kuanzia 3.1 ni vibaya.

Sasa tazama meno yale sita tena. Jino 31 linatazamwa upande wa MDOMO. Nyuma yake, upande wa ulimi, ndipo ugaga hujaa kuliko popote kinywani, na kipimo hakipaangalii. Mama aliyeuliza hapo juu, ukuta wake wote ungeweza kupata sifuri kwenye 31. Kipimo hiki kilitengenezwa kwa ajili ya kupima usafi wa kundi la watu haraka, na kwa kazi hiyo kinafaa. Kumpima mtu mmoja na kuamua matibabu yake ni kazi nyingine.

Kama huna muda wa sehemu 168, fanya kifupi chako, kisha chukua probu ile yenye kitufe cha nusu milimita nchani na mkanda mweusi kuanzia 3.5 hadi 5.5. Ipitishe kwenye kila robo. Mkanda mweusi ukianza kuzama, huyo mgonjwa mpangie siku ya kupimwa kikamilifu. Ukibaki wazi wote na hakuna damu, K03.6 yako niiheshimu.

#9 DaktariWaFizi

Niongeze hapo hapo kwa GegoLaMwisho. Ugaga wenyewe si adui wa kwanza, ni nyumba yake. Mwaka 1965 Löe na wenzake waliwaachisha mswaki watu 12 wenye fizi nzima. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote fizi zilikuwa zinaumwa. Waliporudia kupiga mswaki, kwa takriban wiki moja fizi zikapona. Aliyefanya hayo ni ukoga laini. Ugaga una uso wa kukwaruza ambao ukoga unaupenda, na mswaki haufiki chini yake. Kwa hiyo anayeandika ugaga na kuacha ukoga ameandika nyumba akamsahau mwenye nyumba. Ziara ijayo hatajua kama mgonjwa amejifunza kupiga mswaki au hajajifunza.

#10 KaraniMpya

Nimejifunza mengi. Na madoa je? Nina majalada yameandikwa "meno ya kahawia".

#11 TabibuWaKinywa

Swali la kumrudishia aliyeandika: linatoka au halitoki? Doa la tumbaku, chai, au la dawa ya kusukutua yenye klorheksidini liko juu ya jino, linatoka kwa kupolishi, K03.6. Likiwa ndani ya jino halimo humo. Meno yenye mabaka ya floridi ni K00.3. Rangi iliyoingia wakati jino linaundwa, kama ya tetrasaiklini, ni K00.8. Iliyoingia ndani ya jino baada ya kuota ni K03.7. Usimruhusu mtu akukabidhi "kahawia" akaondoka.

#12 KaraniMpya

Nimemfuata daktari wetu na jalada moja, tumeliandika upya pamoja. Naombeni mlikague kabla sijaliingiza:

"Miaka 34. Fizi hutoka damu akipiga mswaki. Jino 46 liling'olewa zamani, meno ya mwisho hayapo. Ukoga unaonekana kwa macho kwenye magego yote upande wa ulimi. Ugaga juu ya fizi, 33 hadi 43 upande wa ulimi, theluthi moja ya jino. Ugaga chini ya fizi, vipande, kati ya 16 na 17. Mifuko haizidi milimita 3, fizi hazijaachia jino. Meno hayachezi. Damu sehemu 62 kati ya 168, asilimia 37. Mkuu: K05.1. Unaofuata: K03.6, ugaga juu na chini ya fizi, ukoga. Hesabu ya meno: FDI."

#13 DaktariWaFizi

Hongera sana, wewe na daktari wako. Jalada hili naweza kulipokea bila kumwona mgonjwa nikajua pa kuanzia.

Kitu kimoja tu. Umeandika 46 halipo. Meno yaliyobaki ni 27, na sehemu za kupima ni 162.

#14 KaraniMpya

Kweli kabisa daktari, nilichukua 168 yako ya juu bila kuangalia. Nimerekebisha: 62 kati ya 162, asilimia 38. Misimbo imebaki ile ile. Naingiza sasa, kisha naanza na yale ya "uchafu, asafishwe".